Kandambili Moja

Mhudumu wa ofisi ya wilaya hakujua kusema uongo, na tangu shemeji yake achukuliwe, kusema uongo ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa nyumbani. Kila jioni, kabla hajavua viatu, mama mkwe wake alimwuliza kutoka kwenye mkeka wake kama Fundi Redio amepiga simu. Naye alijibu kwamba amepiga, yuko salama huko alikosafiri, kazi ni nyingi, anamsalimu sana. Kisha aliingia chumbani upesi kabla bibi hajauliza la pili, maana la pili ndilo lililokuwa likimshinda. Siku moja aliulizwa kama huko kunanyesha, akajibu kunanyesha sana na jua ni kali.

Fundi Redio hakusafiri kokote. Alichukuliwa mchana kweupe kibandani kwake sokoni, na watu walioshuka kwenye gari lisilo na namba, kwa kosa la kuwatengenezea wachuuzi spika yao siku walipokataa kuhamishwa. Soko zima liliona, na soko zima likarudi kupanga vitunguu. Kilichobaki ni kandambili moja ya buluu iliyochomoka alipokuwa akiburutwa. Muuza mkaa aliileta nyumbani ndani ya mfuko, akaiweka mlangoni, akaondoka bila hata kupiga hodi. Siku hizi ilikuwa imefungiwa kabatini, chini ya mashuka.

Dada yake, mkewe Mhudumu, alikwenda kituo cha polisi. Askari wa zamu alimwambia hawana mtu kama huyo. Kisha akamsindikiza hadi nje, akamwambia kwa sauti ya mtu mwema kabisa: "Dada, wanaonyamaza hurudishiwa watu wao. Wanaopiga kelele huenda kuwachukua kwingine." Hakusema kwingine ni wapi, lakini macho yake yalikwenda upande wa hospitali, na mwanamke yule akaelewa. Alirudi nyumbani, akamwambia mumewe kwamba kuanzia siku hiyo mdogo wake amesafiri.

Na kuambiwa huyo, kati ya watu wote, asipige kelele! Mtaa mzima ulimwita Mama Spika. Ndiye aliyekuwa mpiga mbiu wao. Chanjo ikija, mtu akifiwa, maji yakikatwa, yeye hupanda nyuma ya pikapu na spika yake na kuzunguka mitaa. Mtoto akipotea ndiyo kabisa, hakuna mwingine wa kuitwa. Alikuwa na maneno yake ya kupotelewa ambayo watoto waliyageuza mchezo: "Amepotea, amepotea. Mara ya mwisho alionekana mahali fulani. Amevaa hiki na hiki. Mguuni ana hiki. Atakayemwona amrudishe nyumbani." Hakuruka hata kipengele kimoja, kwa sababu watu, alisema, hawakumbuki sura, wanakumbuka nguo. Kwa maneno hayo alikuwa amewarudisha watoto wa watu wengi, na mbuzi wasiohesabika. Spika yenyewe ilitengenezwa na mdogo wake. Sasa alitangaza mbuzi wa watu huku mdogo wake hajulikani aliko, na kila alipofika kwenye neno "nyumbani" alilisema upesi.

*

Katibu wa wilaya alimwita Mhudumu siku moja, akamwambia akae. Mhudumu hakuwahi kukaa katika chumba kile. Alikaa kwenye ncha ya kiti, sinia bado mapajani.

Katibu alikuwa na maneno mengi. Alieleza habari za ile nchi ya mbali iliyokuwa ikisemwa redioni kila siku, jinsi watu wake wanavyopigwa, wanavyofungwa bila kesi, wanavyochukuliwa makwao wasirudi. Alieleza kwa uchungu wa kweli, hata akavua miwani. Jumamosi wilaya nzima ingeandamana kulaani ukatili ule, kibali kimetoka juu, wageni watakuja na kamera. Ilihitajika sauti, na sauti ya mji huu wanaijua wote ni ya nani.

"Nitamwambia, mzee," alisema Mhudumu.

"Mwambie." Katibu alivaa miwani yake. "Na shemeji yako? Bado amesafiri?"

"Bado, mzee."

"Vizuri. Basi Jumamosi ikienda salama, na mimi nina watu wa kuzungumza nao. Umenisikia?"

Mhudumu alisikia. Alitoka na sinia lake akijikaza asikimbie. Hakujua kama alichobeba ni ahadi au kitisho, na hata baadaye, alipomsimulia mkewe kwa kunong'ona huku bomba la maji limefunguliwa ili bibi asisikie, hakuweza kumwambia ni kipi.

Mama Spika alikataa palepale. Alisema ameshalala njaa na ameshafua nguo za watu, lakini hilo hawezi. Mumewe alimwomba afikirie. Binti yao, ambaye alikuwa kidato cha tatu na amekwisha kuandika bango lake kwa rangi nyekundu, aliingia jikoni bila kuitwa.

"Mama, wale watu wanauawa kweli. Si uongo wa Katibu."

"Najua si uongo."

"Sasa?"

"Sasa nikalie msiba wa mbali, na wangu nimeufungia kabatini?"

"Basi tuwalilie wote," alisema binti.

"Wote hawana kibali," alijibu mama yake. Mhudumu alifunga bomba, kisha akalifungua tena haraka.

Aliyemgeuza Mama Spika alikuwa mwanamke mmoja mshonaji, aliyekuwa amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwao. Alitoka kwenye nchi ile hasa, alikimbia na cherehani yake na hakuja na kitu kingine. Alibisha hodi akiwa amevaa gauni lake zuri. Akaeleza kwamba mumewe alikuwa mwokaji mikate. Siku moja waandamanaji walipita mbele ya tanuri lake wakiwa na njaa, akawapa mikate. Wiki hiyo hiyo akachukuliwa. Hapo ndipo habari zake zilipokatikia.

"Sijui kama yu hai," alisema. "Ila Jumamosi kamera zitakuwapo, na huko kwetu watu huangalia. Nimesikia dada ukitangaza mtoto aliyepotea, anarudi. Nitangazie mume wangu."

Mama Spika alimtazama mwanamke yule. Mikate, spika. Lilikuwa ni jambo lile lile moja. Hangeweza kumwambia, kwa sababu hata huyu aliambiwa Fundi Redio amesafiri. Akasema atakwenda.

*

Walikuja watu wengi kuliko alivyotarajia hata Katibu. Wengine waliletwa na ofisi zao, wengine walitumwa na shule, lakini wengi walikuja kwa miguu yao. Kulikuwa na wazee waliolia waziwazi walipoona picha za watoto wa kule. Mhudumu aliwaona, na akajiuliza mioyo yote hii ilikuwa wapi siku ile sokoni. Halafu akajijibu kwamba ilikuwa palepale, imekaa kimya kama wa kwake.

Mama Spika alisimama juu ya pikapu, Mshonaji ubavuni. Alianza akiwa na kijasho chembamba, kisha kazi ikamchukua. Aliita, "Mwokaji!" Umati ukaitikia, "Arudi nyumbani!" Aliita wanafunzi wa kule, wakunga wa kule, wahubiri wa kule. Arudi nyumbani, warudi nyumbani. Wachuuzi wa sokoni walikuwa wamejipanga pembeni, muuza mkaa mbele yao, na walipiga kelele kuliko wote. Ilikuwa ni mara yao ya kwanza kuruhusiwa kupiga kelele tangu siku walipokataa kuhamishwa.

Walipofika uwanjani, Katibu aliketi mbele na wageni wake. Mhudumu alisimama nyuma ya kiti akiwa ameshika mwavuli. Nyuma yake tena walisimama vijana wawili wa miwani myeusi ambao hakuwajua, na alikuwa amekwisha kuamua kutowatazama. Kamera zilikuwa zimewashwa. Katibu alimpungia mkono Mama Spika, akasema kwa sauti ya kusikika, "Eleza, mama, eleza. Watu wasikie uchungu wa huyo mwokaji."

Mama Spika akavuta pumzi, akaanza namna pekee aliyoijua.

"Amepotea, amepotea," alisema, na uwanja wote ukatulia, kwa sababu maneno hayo kila mtu aliyajua tangu utoto. "Mwokaji mikate. Mume wa mtu. Mara ya mwisho alionekana kazini kwake, mchana. Amevaa..."

Hapo hakuwa na kitu. Hakumwuliza Mshonaji. Kwa siku zote alizoliandaa jambo hili kichwani hakukumbuka kumwuliza mumewe alivaa nini. Lakini mdomo wa mtu wa kazi hausimami katikati ya kazi, na wa kwake ulichukua kilichokuwa karibu, kile ulichokuwa ukikisema kimyakimya kila siku akiwa anafua, akiwa anapika, akiwa amelala macho wazi.

"Amevaa shati la kijani, kifungo kimoja cheupe. Mguuni ana kandambili moja ya buluu."

Neno "buluu" lilikwenda likagonga ukuta wa shule ng'ambo ya uwanja, likarudi. Hapo ndipo na yeye aliposikia alichosema.

Hakuna mtu anayekwenda kazini na kandambili moja. Wachuuzi wote walilijua hilo, na waliijua kandambili. Walisimama kama waliomwagiwa maji. Mama Spika aliona nyuso zao, akaona muuza mkaa ameinamisha kichwa, akafahamu kwamba neno moja tu, jina la ile nchi ya mbali, lingemwokoa kama angelisema sasa hivi. Neno halikutoka.

"Arudi nyumbani," alisema muuza mkaa, kichwa bado chini.

Hakupiga kelele. Aliyekuwa karibu naye akasema vilevile, na mwingine, na ikaenea uwanjani polepole, si kama mwitiko wa maandamano bali kama watu wanaoitikia dua. Wanafunzi waliitikia bila kujua. Wageni waliitikia. Katibu mwenyewe, aliyeguswa sana, aliitikia na kupiga makofi. Mwavuli uliinama pembeni. Jua lilimwangukia Katibu usoni, akageuka kumkaripia Mhudumu, akauona uso wake. Kisha akageuka tena kutazama pikapu, na safari hii alitazama vizuri. Kijana mmoja wa miwani myeusi alikuwa amekwisha kutoa simu.

Ni Mshonaji aliyechukua spika. Aliitoa mkononi mwa Mama Spika, taratibu, kama unavyompokea mtu mtoto.

"Ndiye," alisema. "Ndiye mume wangu huyo. Shati hilo nililishona mimi."

*

Nyumbani Mama Spika alikaa kwenye kigoda jikoni, akasema mambo mawili tu. Alisema, "Nimemuua," na baadaye akasema, "Nimemuua kwa mdomo wangu." Binti alimshika mabega. Bango jekundu alikuwa ameliegemeza ukutani, na sasa alilitazama kama kitu kilicholetwa na mtu mwingine.

Mchana wote gari jeupe lilisimama mwisho wa mtaa. Lilikuwa halifanyi lolote. Jirani aliyekuwa akija kuazima chumvi hakuja, na mwenye pikapu alimtuma mtu kusema kwamba gari limeharibika, litakuwa limeharibika kwa muda. Mhudumu alikwenda dirishani, akarudi, akakaa, akasimama. Kila mlango wa gari ulipofungwa mahali popote, wote watatu waligeukia mlango.

Bibi aliita kutoka kwenye mkeka wake. Mhudumu alikwenda, akaanza mwenyewe kabla ya kuulizwa: kwamba Fundi Redio amepiga simu, kwamba yuko salama.

"Kaa, mwanangu," alisema bibi.

Akakaa.

"Spika ya mke wako inafika hapa. Kifungo kile nilikishona mimi, nilikosa cha kijani. Na kandambili niliiona zamani, nilipokuwa natafuta shuka." Alijiinua kwenye mkeka. "Nani anasafiri na kiatu kimoja?"

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakuona unavyopata taabu kunidanganya. Nikasema, ngoja nimsaidie." Kisha uso wake ukakunjamana, na akalia, na Mhudumu akalia naye, mtu na mama mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kudhani angelifanya.

Kesho yake Mshonaji alikuja. Mama Spika alitaka kumpigia magoti, akazuiwa. Alimwambia Mshonaji kwamba amemtia hatarini, yeye ambaye hata kuishi hapa anaishi kwa kibali cha kuombaomba.

"Wewe uliniazima sauti, mimi nimekuazima mume," alisema Mshonaji. "Mkiulizwa, semeni shati ni la mume wangu. Wataniuliza mimi, nitakubali. Nimezoea kuulizwa."

Mhudumu aliposikia hayo alishusha pumzi ndefu. Ilikuwa njia, na njia nyingine hakuiona. Mkewe pia alikuwa anatikisa kichwa kukubali, machozi yanatoka. Ni binti aliyeuliza, kwa adabu, kama mtoto anavyouliza jambo asilojua kama linaruhusiwa.

"Mama mdogo, yeye hasa alivaa nini?"

Mshonaji alivuta uzi uliokuwa umening'inia kwenye mkono wa gauni lake, akauvuta mpaka ukakatika.

"Fulana nyeupe," alisema. "Imejaa unga. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Alikaa kidogo, kisha akaaga. Kamera zilikuwa zimekwisha kuondoka mjini na shati la kijani.

*

Jumatatu asubuhi Mhudumu aliingiza chai kwa Katibu kama siku zote. Vikombe vilikuwa vinaongea kwenye sinia. Mmoja wa wale vijana alikuwa ameegemea dirisha, bila miwani sasa, na alikuwa kijana wa kawaida kabisa, mwenye chunusi.

Katibu hakumwambia akae. Alionekana hakulala. Alisema Jumamosi imekwenda vizuri, wageni wamefurahi, ila juu wameuliza swali dogo, nao wanataka jibu dogo. Alisema kwa haraka, bila kumtazama, akimwekea maneno mdomoni moja moja kama anayemlisha mgonjwa. Yule mama mgeni amekwisha kusema shati ni la mumewe. Mkeo alikuwa anamtangaza mwokaji. Kwa hiyo hakuna tatizo. Yeye Mhudumu, kama mtu wa ofisi, athibitishe tu mbele ya huyu kijana, na kila mtu arudi kazini kwake.

"Shati ni la mwokaji," alisema Katibu. "Au siyo?"

Mhudumu alitazama sinia. Alikuwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua, na alijua kabisa kwamba neno "ndiyo" lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno. Alimfikiria mkewe. Akamfikiria shemeji yake, kama yu hai, mahali fulani na mguu mmoja peku, akisubiri wao wanyamaze vizuri zaidi. Akamfikiria mwanamke yule akivuta uzi.

"Hapana, mzee."

Kijana aliacha kuegemea dirisha.

"Hebu fikiri kabla ya kujibu," alisema Katibu taratibu, na sasa yeye ndiye aliyeonekana kuomba. "Shemeji yako si amesafiri?"

"Hakusafiri, mzee." Sauti ilitoka nyembamba, si ya kwake. "Mwokaji alivaa fulana nyeupe, ina unga. Yule mwingine ni shemeji yangu." Na kwa kuwa alikuwa hajui namna nyingine ya kulisema, alilisema kama mkewe, bila kuruka kipengele. "Amepotea. Mara ya mwisho alionekana kazini kwake, sokoni, mchana. Amevaa shati la kijani, kifungo kimoja cheupe. Mguuni ana kandambili moja ya buluu."

Chai ilikuwa inapoa, naye akaisogeza karibu na mkono wa Katibu, kwa mazoea.

"Ya pili tunayo nyumbani, mzee. Tumemwekea."